Begi la mtafutaji: funga kwa ajili ya usiku wa kukaa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi kwenye kijiji kinachopakana na msitu wa Mlima Kilimanjaro, upande wa kusini. Masika iliyopita mama mmoja aliingia Nusu Maili, ule ukanda wa ukingoni mwa msitu, kukata majani ya ng'ombe, jioni hakurudi. Tulipanda watu kama arobaini na tochi za simu. Saa 5 usiku tulirudi sote tumelowa, bila yeye. Alipatikana asubuhi akiwa hai, ila hali yake ilikuwa mbaya. Baada ya hapo vijana tisa tumeunda kikundi cha kutafuta na kuokoa. Uongozi wa kijiji unatutambua na askari wa hifadhi wanatujua. Kuna mtu anatuuzia makopo ya kujiokoa porini: ndani mna ndoana, msumeno wa waya, dira ndogo kama kifungo na chuma cha kuwashia moto. Je, yanatosha? Kama hayatoshi, kila mmoja abebe nini? Na tununue kamba?"

Marahaba, mdogo wangu. Hayatoshi, na msiyanunue. Kopo la namna hiyo limetengenezwa kwa mtu aliyepotea peke yake siku nyingi, kando ya ziwa lenye samaki. Ninyi hamtakaa msituni siku nyingi. Kinachowatishia kwenye makorongo ya kwenu ni usiku mmoja tu: mvua inanyesha, mmelowa jasho, mmekaa mahali pamoja na mtu asiyeweza kutembea, na kupambazuka bado sana.

Nililijua hilo kwa gharama. Katika miaka yangu ya mwanzo tulimpata mzee mmoja saa 4 usiku chini ya korongo, kifundo cha mguu kimevunjika. Tulikuwa wanne. Tulifurahi, tukampa maji, tukamfunga mguu, kisha tukatazama juu. Ukingo ulikuwa tope tupu. Kumpandisha gizani kungemuua yeye au mmoja wetu, kwa hiyo tukaamua kungoja asubuhi. Mabegi yetu yalikuwa na maji, biskuti, bandeji, mapanga mawili na kamba ndefu. Hivyo ni vitu vya mtu anayetembea. Ilipofika saa 8 usiku mwenzetu mmoja, kijana aliyetuzidi sote nguvu, aliacha kutetemeka na akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Tulikuja kwa ajili ya mgonjwa mmoja, sasa tulikuwa na wawili. Tuliwabana katikati yetu, tukakumbatiana hivyo hadi saa 12. Wote wawili walishuka hai, na mimi tangu siku hiyo hufunga begi kwa ajili ya usiku wa kukaa, siyo mchana wa kutembea. Kila kitu nitakachokuambia hapa chini kinatokana na hilo.

Anza kwa kuijua baridi yenyewe. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Moshi uko karibu na mita 900. Kibanda cha Mandara, mwisho wa msitu kwa njia ya Marangu, kiko mita 2,720. Maana yake, usiku wa Julai ambao Moshi mtu anajifunika shuka na blanketi jepesi, kule juu joto linaweza kuwa nyuzi 6 au chini yake. Halafu kuna mvua. Msitu wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata isiponyesha majani yanadondosha maji usiku kucha. Mwili uliolowa hupoteza joto haraka kuliko mkavu, na mtu aliyejeruhiwa hatembei, hivyo hana namna ya kujipasha moto.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hulipindua. Watu hukimbilia kitu cha kujifunika, wakati ardhi iliyolowa ndiyo inayokunyonya joto zaidi ukiwa umelala. Chini kwanza, juu baadaye. Kila mmoja wenu awe na kipande cha matresi ya sponji ngumu, yale wanayotumia wapagazi na wageni mlimani. Yakichakaa huuzwa bei nafuu. Kikate kitoshe kuanzia mabegani hadi makalioni na ukiweke ndani ya begi upande wa mgongo, kitalipa begi umbo. Asiyepata atumie viroba viwili vya unga na kuvijaza majani makavu, kama yapo, ama matawi membamba yanayonepa. Unene wa kiganja baada ya kukaliwa ndio unaoutaka.

Kifuniko cha nje ninachokiamini ni nailoni nyeusi ya kujengea, ile inayotandazwa chini kabla ya kumwaga zege. Kata mita 2 kwa 3. Ni nzito kuliko turubai la kambi, lakini haipitishi maji, haichaniki ovyo na inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Inatosha kuwa paa la watu watatu waliokaa wamebanana, au kumzungushia mgonjwa mzima. Pamoja nayo chukua blanketi jembamba la rangi ya fedha. Blanketi hilo husifiwa kupita uwezo wake: linarudisha joto la mwili na kuzuia upepo, lakini halina unene. Likigusana na nguo iliyolowa upande mmoja na hewa baridi upande mwingine, halisaidii kitu. Liweke katikati ya tabaka, kamwe lisiwe tabaka pekee.

Mkimpata mtu, mfungeni hivi. Kwanza matresi mawili chini, yamepandana. Mvueni nguo zilizolowa kama mna nguo kavu ya kumvisha. Kama hamna, zikamueni na mmrudishie. Mvisheni mzula kichwani na soksi kavu mikononi. Kisha blanketi la kawaida au jaketi zenu za akiba, halafu lile la fedha, mwisho nailoni, ikunjwe kama mtoto anavyobebwa, uso tu ubaki nje. Mkiweza kuchemsha maji, yatieni kwenye chupa ngumu, ifungeni ndani ya soksi na muiweke kwapani. Msimsugue mikono na miguu. Msimpe pombe kali hata wazee wakisisitiza, kwa sababu pombe hufungua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto lililobaki. Akiwa macho na anaweza kushika kikombe mwenyewe, mpeni uji au chai yenye sukari nyingi. Akiwa anasinzia na hajibu vizuri, asipewe chochote mdomoni.

Mchungeni pia kila mmoja wenu. Mtu anayetetemeka bado anapambana. Anayejikwaa, anayeshindwa kufunga zipu, anayejibu kwa uzito kama mlevi, huyo tayari ni mgonjwa wenu wa pili, na yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa wa mwisho kukubali.

Nguo hazihitaji duka la wageni. Nendeni soko la mitumba la Memorial pale Moshi asubuhi mzigo unapofunguliwa, mtafute sufu na flisi, kile kitambaa laini cha manyoya ya kutengenezwa. Jinzi na fulana za pamba ziacheni nyumbani, maana pamba ikilowa hukaa imelowa na kukugandia mwilini. Kila begi liwe na sweta moja nene, mzula, soksi jozi mbili na glavu, vyote ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa fundo. Mfuko huo haufunguliwi wakati wa kupanda hata ukisikia baridi kiasi gani. Unapandia nguo uliyolowa nayo. Ukisimama kwa muda mrefu au ukimpata mtu, ndipo unaufungua. Najua ni vigumu kuubeba ukavu mgongoni huku unatetemeka, lakini ukiutumia mapema hautakuwapo saa 8 usiku. Koti la mvua liwe la kushuka hadi magotini.

Tochi za simu ndizo zilizowarudisha nyumbani saa 5, na nadhani unalijua hilo. Kwetu huku jua huzama kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 1 kasoro mwaka mzima, na chini ya miti mikubwa giza hutangulia. Hakuna jioni ndefu ya kusubiri. Kila mtu awe na tochi ya kichwani, ili mikono yote miwili ibaki huru kushika mizizi, pamoja na tochi ndogo ya pili mfukoni ya kuangazia wakati wa kubadilisha betri za ile ya kwanza. Betri za akiba zisikae ndani ya tochi. Kama tochi zenu zote tisa zinatumia betri za aina moja mtaweza kuazimana, kwa hiyo kubalianeni aina kabla ya kununua. Simu izimwe mtandao ukiwa msituni na ikae karibu na kifua, kwa kuwa baridi hudhoofisha betri.

Kuhusu moto nina maoni makali kidogo. Moto msituni masika ni kazi ya saa nzima, na asiye na matresi na nailoni huharibu saa hiyo akipuliza kuni mbichi huku mgonjwa anapoa. Funika kwanza, washa baadaye. Mkiwasha, chukua vitu vitatu. Kiberiti cha gesi cha kusaga kwa gurudumu, kwa kuwa vile vya kubonyeza hushindwa mara nyingi ukipanda juu. Njiti za kawaida ndani ya chupa ndogo ya dawa yenye kifuniko. Na vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa upana wa kidole: mpira huo huwaka hata ukiwa umelowa, moto wake ni mkubwa na unadumu dakika kadhaa, muda wa kutosha kukausha vijiti vya kwanza. Moshi wake ni mbaya, msiinamie. Waulize askari wa hifadhi mapema kuhusu kuwasha moto wakati wa uokoaji, na mkumbuke Oktoba 2020, jinsi vichaka vya juu vya mlima vilivyoungua siku kwa siku huku watu wakipanda kuuzima. Kiangazi, kuweni na hofu na kila cheche.

Maji: lita moja na nusu kwa mtu inatosha, mito mnayo. Chukueni vidonge vya kutibu maji na msome maelezo ya pakiti, kwani vina nguvu tofauti. Kingine ni cha ndoo nzima, kingine cha chupa. Mkichemsha juu ya mita 2,000, acheni maji yatokote dakika 3. Kikombe cha bati chenye mkono ndicho sufuria yenu. Chakula kiwe kile kinacholika kwa mkono mmoja gizani: karanga, tende, kashata, sukari guru. Wekeni cha mtu mmoja zaidi ya idadi yenu, na pakiti mbili za chumvi ya kuongezea maji mwilini, kila moja ya lita moja.

Dira ya kifungo itupeni. Nunueni dira mbili nzuri kwa kikundi kizima, si tisa mbovu. Na hapa angalieni kitu: dira nyingi za mitumba zilitengenezwa kwa matumizi ya Ulaya, sindano yake imesawazishwa kwa sumaku ya kule, ikifika kwetu karibu na ikweta huinama upande mmoja na kukwaruza. Ishike mlalo kabisa, izungushe. Sindano ikikwama, irudishe. Ramani ya 1:50,000 ya eneo lenu ipigeni nakala, muifunge kwenye nailoni, na mwandike juu yake majina mnayoyatumia ninyi: mfereji wa fulani, mti mkubwa ulioanguka, kivuko cha majani. Wazee na akina mama wanaokata majani ndio wanaojua majina hayo, kaeni nao siku moja. Mtu anayepiga simu akiwa amepotea hatataja nambari za ramani, atataja mti.

Kila begi liwe na daftari dogo na penseli, siyo kalamu ya wino, maana wino hukataa kwenye karatasi yenye unyevu. Andikeni saa mliyoingia, korongo mlilolimaliza, saa mliyosikia sauti na ilitoka upande gani. Usiku ule wa watu arobaini, nina hakika asubuhi hakuna aliyeweza kusema ni sehemu gani ilikuwa imetafutwa na ipi haijaguswa. Chukueni pia utepe wa rangi kali wa kufunga kwenye matawi, na mwisho wa kazi muuondoe wote, usije ukawapotosha wa safari ijayo.

Filimbi kila mtu, imefungwa kamba shingoni. Mapigo matatu yawe ishara ya hatari au ya "njooni", pigo moja liwe "nimekusikia". Kisha mjifunze kunyamaza. Kijijini yowe linakusanya watu, ni jambo jema, lakini msituni watu arobaini wakiita kwa pamoja hawawezi kumsikia aliyelala korongoni akijibu kwa sauti ya kukoroma. Wekeni saa: mnaita jina lake pamoja, halafu dakika nzima kimya, miguu imesimama, koti la mvua halitikiswi. Nimewahi kumsikia mtoto kwenye dakika ya namna hiyo, baada ya kupita mara mbili mita chache kutoka alipokuwa.

Kwa huduma ya kwanza, glavu za mpira jozi nne, gozi nyingi, bandeji za kuvutika tatu, plasta pana ya kunata, pini kubwa, na dawa ya maumivu ya kawaida. Basi. Badala ya kununua zaidi, kila mtu aweke khanga mbili. Khanga ikikunjwa pembetatu inaning'iniza mkono uliovunjika. Ikikunjwa ukanda inafunga banzi, yaani kitu cha kushikilia mfupa uliovunjika usicheze. Nne zikifungwa juu ya miti miwili mirefu zinakuwa machela ya kumtoa mtu hadi penye njia. Na ikiwa kavu ni shuka. Yale matresi, ukiyakunja kuzunguka mguu na kuyafunga kwa khanga, ni banzi zuri kuliko fimbo, kwa sababu hayamuumizi. Damu ikibubujika, kandamiza kwa gozi na kiganja bila kuachia, usiwe unafunua kila mara kuchungulia.

Panga moja kwa watu watatu linatosha, na liwe ndani ya ala. Nimeona majeraha mengi ya panga kuliko ya wanyama. Kuhusu wanyama, tembo na nyati wapo katika misitu ya mlima huu, hivyo askari wa hifadhi awe nanyi au ajue mlipo, na kabla ya kukaa mwangaze tochi chini, kwani mkifunga kambi juu ya njia ya siafu mtahama usiku na mgonjwa wenu mikononi.

Mawasiliano: redio za upepo mbili, zile za mkononi za kuongelea, mkizipata, zitawafaa kuliko simu tisa, ila makorongo huzikatisha vilevile. Mpangeni mtu mmoja akae mgongoni mwa mlima penye mtandao, kazi yake iwe kupokea na kupeleka habari tu, na awe na pawabenki. Ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupita pale ambapo simu ya kuongea inakatika. Nambari 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi ziandikwe kwenye kila daftari, pamoja na nambari ya kituo cha hifadhi cha kwenu.

Umeuliza kamba. Msinunue, angalau mwaka huu. Kamba mkononi mwa mtu asiyefundishwa humshawishi ateremke mahali ambapo angetakiwa kusimama na kuita msaada. Septemba 1970 madaktari wawili kutoka Austria walikwama karibu na kilele cha Batian kule Mlima Kenya, mmoja amevunjika mguu vibaya. Waliowafuata walikuwa wapandaji wenye ujuzi na kamba nzuri, na bado ilichukua zaidi ya wiki kumshusha. Timu nyingine ilibidi iletwe kwa ndege kutoka Austria, na rubani wa helikopta iliyokuja kusaidia alikufa chombo kilipoanguka. Majeruhi alipona. Ndivyo uokoaji wa mwambani ulivyo hata kwa wenye kila kitu. Tafuteni kwanza mafunzo kwa watu wa uokoaji wa hifadhi, kamba ifuate. Mipira ya tyubu ya kufungia mizigo kwenye bodaboda, mita kumi kwa kila begi, itawatosha kufunga paa na machela.

Begi lote, pamoja na maji, lisizidi kilo 7 au 8. Likizidi, mtaanza kuacha vitu nyumbani, na cha kwanza kuachwa huwa ni matresi. Likishakamilika, kila mmoja alale nalo nje usiku mmoja wa Julai, shambani kwake kati ya migomba, bila kuingia ndani hadi alfajiri na bila kuongeza kitu. Asubuhi atajua mwenyewe kinachopungua.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuyatunza. Yasifungiwe ofisi ya kijiji, kwa kuwa taarifa za mtu aliyepotea huja saa 2 usiku na mwenye ufunguo atakuwa msibani au mjini. Begi likae kwako, limening'inizwa mlangoni, betri zikaguliwe kila tarehe mosi, karanga zibadilishwe kabla hazijachacha. Mkiwa tayari niandikie mmepata nini na mmekosa nini pale sokoni, na unieleze yule mama anaendeleaje.